Muziki: Wimbo wa matanga uliogeuka wimbo wa arusi

Habari kwamba wimbo wake "umeshika" aliipata kwa binamu yake wa Bukavu, kupitia WhatsApp. Binamu alimtumia video fupi. Bwana na bibi arusi wanaingia ukumbini, na nyuma yao kuna safu ya vijana wenye nguo za rangi moja, wameinama kama watu walio juu ya pikipiki, mikono mbele, hatua mbili kuume, hatua mbili kushoto. Sauti inayotoka kwenye spika ni ya kwake. Maneno ni mawili tu, yanarudiwa: panda, twende.

Mtunzi huyo ni kijana wa miaka 24 wa mtaa wa Majengo, komini ya Karisimbi, mjini Goma. Ameomba jina lake lisiandikwe, wala jina la wimbo, kwa heshima ya familia. "Panda, twende" yalikuwa maneno ya kaka yake mkubwa aliyekuwa motari. Ndivyo alivyowaita abiria kila siku, kwa sauti ambayo wapangaji wote wa ile parsele waliijua. Usiku mmoja alimpandisha mteja wa mwisho na hakurudi nyumbani. Pikipiki haikuonekana tena. Yeye alionekana asubuhi, kando ya barabara.

Katika wimbo kama ulivyoandikwa mara ya kwanza, yote hayo yamo. Ubeti wa kwanza ni alfajiri: kaka anasukuma pikipiki hadi nje bila kuiwasha ili asiwaamshe watoto. Wa pili ni mchana wa vumbi, polisi wa barabarani, deni la mafuta, mama muuza makala anayebebwa bila kulipishwa. Wa tatu ni usiku, na mteja ambaye uso wake hauonekani. Kiitikio kinarudi mara tatu. Mara mbili za kwanza ni kaka anayesema panda, twende. Mara ya tatu anayesema si kaka tena. Ni yule aliyekuja kumchukua.

Niliusikiliza wote kwenye simu yake, tumeketi kwenye mawe mbele ya duka la shemeji yake. Unachukua dakika nne na sekunde hamsini. Gitaa peke yake linapiga karibu nusu dakika kabla ya neno la kwanza. Wimbo ulipofika kwenye kiitikio cha tatu, shemeji aliacha kuhesabu pesa zake.

Wimbo huo, kwa urefu huo, haujatoka. Uliotoka una dakika mbili na sekunde chache. Mtayarishaji wa studio aliupenda, lakini alimweleza mambo yanavyokwenda: gitaa la mwanzo liondoke, kiitikio kije mbele kabisa, ubeti wa pili ukatwe, wa tatu ubaki mistari miwili, ngoma iongezwe kasi. Hakuna atakayengoja nusu dakika kusikia gitaa, alisema, kwa sababu kidole gumba cha msikilizaji tayari kiko juu ya kioo. Kijana alikubali. Hakulazimishwa, na hata leo hamlaumu mtayarishaji. Kisha katika hizo dakika mbili watu wakachukua sekunde kumi na mbili, na hizo ndizo zilizozunguka kutoka simu hadi simu mpaka Bukavu, na sasa Bujumbura.

Mistari miwili iliyobaki ya ubeti wa tatu haimo katika zile sekunde kumi na mbili.

Kwa hiyo watu wanaocheza hawana kosa lolote. Hawajui kama wanamchezea marehemu. Wangejuaje?

Ukiwauliza wazee wetu kuhusu jambo kama hili, jibu liko tayari: vijana wa leo hawajui kutunga, wanataka haraka, muziki umekufa. Nimelisikia jibu hilo kwenye redio, kwenye basi, na kwa baba yangu mwenyewe. Siliamini sana, kwa sababu historia ya muziki wa nchi hii hailiungi mkono moja kwa moja.

Wimbo mfupi si uzushi wa TikTok. Sahani za zamani, zile za mizunguko 78 kwa dakika, zilibeba karibu dakika tatu tu kila upande. Wendo Kolosoy na mpiga gitaa Henri Bowane walirekodi "Marie-Louise" mwaka 1948 ndani ya mipaka hiyo, na wimbo huo ulipata nguvu kiasi kwamba watu walisema ukipigwa usiku wa manane unaamsha wafu. Mwaka 1952, huko Jadotville, mji tunaouita Likasi leo, Hugh Tracey alimrekodi Jean-Bosco Mwenda akipiga "Masanga" kwa gitaa moja. Mwenda, mzaliwa wa Bunkeya, aliimba nyimbo zake nyingi kwa Kiswahili cha Katanga. Nazo ni fupi, lakini ndani yake kuna watu, kuna njia, kuna mashauri. Gitaa lake bado linafundishwa mbali sana na Katanga. Hata "Indépendance Cha Cha" ya Grand Kallé na African Jazz, ya mwaka 1960, ni wimbo wa dakika tatu hivi, na ndani yake kuna majina ya viongozi na vyama vilivyokuwa kwenye Meza ya Mviringo ya Brussels. Mwalimu wa historia angehitaji somo zima.

Urefu ulikuja baadaye, nao uliletwa na chombo. Sahani kubwa ya mizunguko 33 ilipopokea dakika ishirini na zaidi kila upande, Franco na TPOK Jazz walijaza nafasi hiyo. "Mario", ya mwaka 1985, inapita dakika kumi na mbili, na ni habari ya kijana anayetunzwa na mwanamke aliyemzidi umri. Mwaka 1987 Franco alitoa "Attention na SIDA", takriban robo saa ya kuonya watu juu ya ugonjwa ambao wengi walikuwa bado wanaunong'ona. Simaro Lutumba, aliyefariki mwaka 2019 na ambaye watu walimwita Mshairi, alitunga "Mabele", yaani ardhi, kwa mwendo wa mtu anayefikiri kwa sauti. Ulingoja. Nyumba nzima ilingoja, kwa sababu redio ilikuwa moja na aliyeishika alikuwa baba.

Basi chombo kimekuwa kikiamua siku zote. Tofauti ya leo ni nini? Kwa maoni yangu tofauti haiko katika idadi ya dakika. Aliyeweka sahani ya Mwenda kwenye gramafoni aliweka sindano mwanzoni. Mtunzi alijua msikilizaji ataingilia mlango gani. Alikuwa na dakika tatu, lakini zilikuwa dakika tatu zenye mwanzo, katikati na mwisho. Mtunzi wa leo hajui msikilizaji wake ataingilia wapi. Pengine ataingia kwenye sekunde ya 48 na kutoka kwenye sekunde ya 60. Kwa hiyo kila kipande cha wimbo lazima kijitegemee, kieleweke bila kilichotangulia. Ukiandika hivyo unapata viitikio vizuri, vya kunasa. Hadithi hupati, maana hadithi haiwezi kuishi bila kilichotangulia. Kile kiitikio cha tatu cha kijana wa Majengo hakina maana yoyote kwa mtu ambaye hakusikia viwili vya kwanza.

Mwenendo wenyewe ni wa zamani kuliko TikTok. Mtafiti Hubert Léveillé Gauvin, wa chuo kikuu cha Ohio State nchini Marekani, alipima nyimbo zilizoingia kumi bora nchini humo kutoka 1986 hadi 2015. Katikati ya miaka ya 1980 msikilizaji alingoja zaidi ya sekunde 20 kabla ya kusikia sauti ya mwimbaji. Kufikia 2015 alingoja kama sekunde 5. Mwaka 2024 jarida la Scientific Reports lilichapisha utafiti mwingine wa nyimbo zaidi ya 12,000 za Kiingereza, za 1980 hadi 2020, ulioonyesha kwamba maneno yamekuwa mepesi na yanajirudia zaidi. Hizo ni nyimbo za wengine, lakini anayefungua redio yoyote ya Goma jioni atautambua mwendo huo.

Pesa nazo zinasukuma upande huohuo. Spotify huhesabu kwamba wimbo umesikilizwa baada ya sekunde 30. Ukimshika msikilizaji sekunde 30 umehesabiwa, akikaa dakika sita umehesabiwa vilevile mara moja. Mtu mwenye akili ya biashara atatengeneza nyimbo tatu fupi badala ya moja ndefu. TikTok yenyewe ilianza na vipande vya sekunde 15, ikaongeza hadi 60, ikafika dakika tatu mwaka 2021 na dakika kumi mwaka 2022. Mlango umepanuliwa, lakini watu wamezoea kuinama.

Hapa kwetu mashariki kuna sababu nyingine ambazo huzisikii katika mijadala ya Paris au Kinshasa. Ya kwanza ni mega. Mtu anayenunua mega za siku moja kwa franka chache hawezi kufungua video ya dakika saba ili kujua kama wimbo ni mzuri. Kwake sekunde kumi na mbili ni bajeti, wala usimwite mvivu. Ya pili ni status ya WhatsApp, ambayo kwa miaka mingi ilipokea video ya sekunde 30 tu. Kwa msanii wa Goma, Butembo au Uvira, status za marafiki ni redio yake ya kwanza. Anatunga kitu kitakachoenea humo.

Ya tatu ni vita. Tangu Goma ilipoangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, jukwaa la kweli limekuwa adimu. Wasanii wengine wamehama, wengine wamenyamaza. Jukwaani msanii ana watu mbele yake ambao wameshalipa au wameshafika. Hawawezi kumpitisha kwa kidole. Anaweza kuanza polepole, kueleza wimbo umetoka wapi, kuimba ubeti wote. Jukwaa likipotea kinachobaki ni simu, na simu haikupi nafasi ya kueleza.

Lakini tusijifanye kwamba kabla ya simu wimbo wetu ulikuwa salama. Muundo wa rumba yetu, ambayo UNESCO iliitambua tarehe 14 Desemba 2021 kwa ombi la Kongo zote mbili, ni maneno kwanza, kisha sebene ya kucheza. Ni nani asiyemkumbuka DJ aliyeruka maneno yote na kuweka sindano, au baadaye kidole, moja kwa moja kwenye sebene? Tangu Zaiko Langa Langa walipoingiza maatalaku mwanzoni mwa miaka ya 1980, kelele za kuchezesha zilizidi kula nafasi ya maneno. Halafu yakaja mabanga (siuzungumzii mtaa wa Mabanga wa hapa Goma), yaani majina ya matajiri wanaolipa ili watajwe. Kuna nyimbo za mapenzi za miaka ya 2000 ambamo mpenzi anatajwa mara mbili na mfanyabiashara wa Luanda mara tisa. Hiyo haikuletwa na TikTok. Tuliileta wenyewe, tukiwa na subira yetu yote.

Tena wapo walioijua njia fupi na kuitumia vizuri. Fally Ipupa, ambaye nyimbo za albamu zake za mwanzo zilikuwa za kukaa kitini, alifupisha mwendo katika "Tokooos" mwaka 2017 na hakupoteza sauti yake. Innoss'B, mtoto wa Goma aliyeshinda Vodacom Superstar mwaka 2010 akiwa bado mtoto kweli, alitoa "Yo Pe" mwaka 2019, na toleo jipya pamoja na Diamond Platnumz likafuata mwaka uleule. Wimbo ule ulienea kwa sababu watu waliucheza mbele ya simu zao. Ni wimbo wa mapenzi na wa kucheza, na ulitungwa kuwa hivyo. Simu haikuupokonya kitu, maana haukuwa umeficha kitu ndani.

Shida iko kwa nyimbo zilizoficha kitu. Kiswahili chetu kina nyingi za aina hiyo, nyimbo za mashauri na za mafumbo, ambazo mwimbaji anaanza mbali kama mtu anayebisha hodi kabla ya kusema kilichomleta. Nyimbo za kwaya pia ziko hivyo: ubeti wa kwanza ni dhambi, wa mwisho ni neema, na ukisikia dhambi peke yake utakwenda nyumbani na huzuni. Mtunzi kijana anayejifunza leo kwa kusikiliza vipande hatajua hata kwamba njia hiyo ya kutunga ipo. Hilo ndilo linalonisumbua kuliko urefu.

Kuhusu haki, niseme kwa kifupi. Sheria yetu ya haki za waandishi ni ya tarehe 5 Aprili 1986, wakati ambapo "Mario" ilikuwa bado mpya. SOCODA ipo kwa ajili ya kukusanya haki hizo. Kijana wa Majengo hajajiandikisha, na zile sekunde kumi na mbili, zilizozunguka kwa sauti yake bila jina lake, hazijamletea hata franka moja.

Kilichomletea pesa ni arusi. Wiki tatu baada ya ile video ya Bukavu, familia moja ya mjini ilimtafuta, ikampata, ikamlipa aje kuimba mwenyewe wakati maharusi wanaingia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulipwa kwa dola. Alivaa suti ya kuazima. Aliniambia kwamba njiani alikuwa ameamua kuimba ubeti wa tatu wote, ule mrefu, ili angalau mara moja watu wausikie. Ala zilianza, kiitikio kikaja, ukumbi ukasimama, wote wakainama juu ya pikipiki zao zisizoonekana. Bibi arusi alikuwa anacheka. Wakati wa ubeti ulipofika alifungua kinywa, akamtazama bibi arusi, akarudia kiitikio. Alikirudia mpaka mwisho.

Nilimuuliza kama aliogopa kukatwa na DJ. Hapana, alisema. Aliona aibu kuleta maiti kwenye arusi ya watu.

Sasa anatunga mwingine. Alinionyesha daftari: kiitikio kimeandikwa kwanza, juu ya ukurasa, kwa kalamu nyekundu, na beti ziko chini yake. Zamani alianza na ubeti na kiitikio kikaja chenyewe. Safari hii anajaribu kuweka hadithi ndani ya kiitikio chenyewe, ili hata mtu akichukua sekunde kumi na mbili achukue na mtu aliyemo. Amefuta mara nyingi. Kuna mstari mmoja ulionigusa. Nilipomwambia, alihesabu silabi zake kwa vidole, akatikisa kichwa, akasema ni mrefu mno.

Ule wimbo wa dakika nne na sekunde hamsini uko mahali pengine pamoja na kwenye simu yake. Alimpelekea mvulana wa Birere anayewawekea watu nyimbo kwenye kadi za memori, akamwekea mama yake kwenye redio ndogo ya betri, ile ya kuning'iniza ukutani. Ndani ya kadi kuna kwaya, mahubiri, nyimbo za zamani za Franco ambazo marehemu baba alizipenda, na huo. Vifungo vya redio hiyo vimechakaa. Kile cha kuruka wimbo hakifanyi kazi tena, kwa hiyo mama husikiliza kila kitu kwa mpangilio, akichambua maharage, na unapofika ule wa mwanawe huuacha upige mpaka mwisho. Kijana anasema zamu yake hufika kila siku karibu na saa kumi za mchana. Saa hiyo yeye hutafuta sababu ya kutoka nje.